Maswali ya Wasomaji: Mbona Miti ya Renda Yangu Inaonekana Kama Stika?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za kitu kimoja, miti. Watu mmejifunza kurenda nyumba, yaani kuigeuza ramani ya kompyuta iwe picha inayofanana na ya kweli, ikatoka safi, ukuta safi, bati safi, kioo kinang'aa, alafu mkishaweka miti na majani kwa Photoshop picha inaharibika na hamjui imeharibikia wapi. Nimechagua meseji nne. Ya kwanza ntakaa nayo sana maana ndo imebeba karibu kila kitu.

SWALI: Shikamoo dada. Mi nachora ramani za nyumba huku Buswelu, Mwanza, natumia SketchUp, programu ya kuchora nyumba ya 3D, alafu narenda, ila laptopu yangu ina ramu GB 4, nikiweka miti ya 3D inaganda mpaka naizima kwa nguvu. Kwahiyo narenda nyumba tupu, miti napakua mtandaoni naiweka kwenye Photoshop. Juzi mteja kaangalia picha akaniuliza, hii nyumba yangu umeijenga wapi, mbona kama Ulaya, na hii miti mbona kama stika za daladala? Nimeumia kwasababu nilikesha. Nakosea wapi? (Mchora ramani, Buswelu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kukesha. Njia unayotumia ni sahihi kabisa, kurenda nyumba tupu alafu kupanda miti kwenye Photoshop watu wameifanya miaka mingi kabla hizi programu za sasa hazijaja, na hata wenye mashine kubwa bado wanaifanya kwasababu mteja akisema huu mti usogeze, unausogeza palepale, hurudi kurenda upya masaa mawili. Huyo mteja msikilize tena vizuri, kaona vitu viwili kwa mpigo. Mti sio wa huku, na mti haujashika ardhi.

Nianze na kushika ardhi. Cha kwanza kinachofanya jicho likatae ni ukubwa, na wengi mnakadiria tu, unavuta kona ya picha mpaka uone "kama imekaa". Usikadirie, pima. Ukiweka kamera yako mita 1.6 kutoka chini, yaani macho ya mtu aliyesimama, basi ule mstari wa upeo, pale ardhi na mbingu zinapokutana, unapita kwenye kila kitu kilichosimama ardhi hiyohiyo kwenye kimo cha mita 1.6, kiwe karibu kiwe mbali, haijalishi. Sasa chagua pale shina litakapokaa, pima kwenye skrini kutoka hapo mpaka kwenye mstari wa upeo, hiyo ndo mita 1.6 yako ya mahali hapo. Unataka mwembe wa mita 8, zidisha mara 5. Unataka ua la mita 0.8, chukua nusu. Ukisogeza mti mbali zaidi kipimo kinajipunguza chenyewe na mti unakaa mahali pake bila kubahatisha. Hesabu hii inakubali ardhi tambarare tu lakini, na huku kwetu viwanja vingi vimepanda mlima, mtu wa Isamilo au Igogo akitumia hiyo atapata mti wa ajabu, kwahiyo kwenye mteremko linganisha na kitu unachokijua kilichosimama karibu na huo mti, mlango wa mita 2.1, geti, nguzo ya baraza.

Cha pili, mwanga. Angalia renda yako jua linatokea wapi, alafu angalia mti uliopakua jua lake linatokea wapi, mara nyingi unakuta nyumba imepigwa jua upande wa kulia na mti umepigwa upande wa kushoto, dawa yake ni kuugeuza mti kwa kuupindua kulia kushoto, sekunde moja. Kama mti ulipigwa picha siku ya mawingu hauna upande, huo ni mzuri zaidi kwasababu unaweza kuupaka jua mwenyewe: fungua leya mpya (tabaka jipya la picha) juu yake, ibane kwa klipingi maski ili rangi isitoke nje ya majani, weka modi ya multiplai, ile inayotia giza kilicho chini yake, paka giza upande usio na jua na chini ya majani kwa brashi laini yenye opasiti (uzito wa rangi) ndogo kama asilimia 20, pole pole, utaona mti unajaa.

Alafu kivuli. Hapa ndo umeangukia, nimeona kwenye picha uliyotuma, miti sita na hakuna kivuli hata kimoja. Chukua leya ya mti uikopi, ijaze nyeusi yote, shika kona za juu uilaze chini kuelekea upande ambao vivuli vya nyumba vimeelekea, iweke multiplai na opasiti kama 40 au 50, alafu weka ukungu (blur) kidogo, na ule ukungu uongezeke kadri kivuli kinavyoenda mbali na shina. Pale shinani kivuli kiwe kikali na cheusi zaidi, hata kama ni alama ndogo ya kidole tu, hiyo alama ndo inayoushikisha mti ardhini. Na kivuli kikigonga ukuta hakiendelei kulala, kinapanda ukutani, kwahiyo kikate hapo na kipande kilichobaki ukisimamishe.

Urefu wa kivuli nao una hesabu yake ya huku. Mwanza tuko kama digrii 2 na nusu kusini ya Ikweta, jua linakuwa juu kabisa kwenye saa saba kasoro mchana, na saa hizo vivuli ni vifupi mwaka mzima. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, mti wa mita 6 unatupa kivuli cha kama mita 3 kuelekea kusini, mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini na kivuli cha mti huohuo kinapata mita 2 na kitu kuelekea kaskazini. Kwahiyo ukiniletea picha unasema ni mchana, alafu kivuli cha mti kimelala uwanja mzima mpaka getini, mtu wa huku hata kama hajui kusema atahisi kuna kitu. Ukitaka vivuli virefu vizuri renda ya saa kumi jioni, hapo kivuli kinakaribia urefu wa mti wenyewe au kinauzidi kidogo, kinaelekea mashariki. Mi napenda sana saa kumi kwa nyumba za huku, mawe yanapata umbo na bati haliungui kwa mwanga.

Pale shina linapokutana na nyasi za ardhini usiache mstari uliokatwa kwa kisu. Weka maski kwenye mti, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta, chukua brashi ya umbo la nyasi, fanya nyasi chache zipande mbele ya shina. Kama ni vumbi na changarawe, paka rangi ya udongo huohuo kidogo kwenye shina sentimita chache za chini, mvua ikinyesha udongo unaruka, na miti yote ya huku ina hiyo alama.

Rangi sasa. Kijani cha mtandaoni ni kikali mno. Shusha ukolezo wa rangi kwa 20 hivi, saa ingine 30, alafu sogeza kidogo kuelekea njano kama ni kiangazi. Miti ya mbali iwe myepesi, imepauka, ina ubuluu kidogo, na giza lake lisiwe jeusi kabisa. Simama Capri Point asubuhi uangalie vilima vya ng'ambo ya ziwa utaelewa bila mimi kuongeza neno. Ya kati iwe ya kawaida. Ya mbele kabisa, kama tawi linaloingia kwenye kona ya juu ya picha, iwe nyeusi nyeusi na yenye ukungu ili jicho lipite liende kwenye nyumba. Panga leya zako kwenye makundi hayo matatu, mbali, kati, mbele, na kwa laptopu ya GB 4 ukimaliza kundi la mbali liunganishe liwe leya moja, na kila mti upunguze ukubwa kabla hujauingiza. Unaweka mti wa pikseli 5000 kwenye kona ya sentimita 2, lazima igande.

Usikopi mti mmoja mara sita. Hata ukiupindua, tawi lile lililovunjika litaonekana mara sita.

Nikuambie sasa kuhusu "Ulaya". Miti uliyoweka ni ile ambayo majani yanageuka mekundu na kupukutika baridi ikiingia, hiyo hakuna Buswelu. Huku getini kwa mtu kuna mwarobaini, uani kuna mwembe na mpapai na mgomba nyuma ya jiko, kwenye ukuta kuna bogonvilia, waliojenga juzi wamepanga miashoki imenyooka kama askari, wenye viwanja vya zamani wana mkrismasi, na vijijini ua ni minyaa. Hiyo ndo miti mteja wako anaijua kwa jina. Akiona mwembe nyuma ya jiko anajua hapo atakaa jioni. Mkrismasi ukiuchanua mwekundu jua kwamba umesema ni kwenye mwezi wa kumi na mbili, jakaranda ya zambarau umesema ni mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwahiyo usivichanue vyote viwili uwanja mmoja alafu chini yake nyasi zimekauka za mwezi wa nane. Sijui kwanini watu wanaona hii ni ndogo, kwangu mimi ni kubwa kuliko ile ya kivuli, kwasababu kivuli kibaya kinaharibu picha tu lakini mti wa uongo unamfanya mwenye nyumba asiione nyumba yake.

SWALI: Dada mambo. Nimejaribu kupiga picha mwenyewe miti ya kwetu Kirumba kwa simu nipate za kukata, lakini nikikata majani yanabaki na ukingo mweupe kama theluji, na nikitumia ile fimbo ya kuchagua inaniachia mti kama umenyolewa. Kuna njia? (Mwanafunzi wa usanifu)

JIBU: Poa. Kwanza hongera, kupiga picha miti yako mwenyewe ndo kazi nzuri kuliko zote, sio tu kwamba huibi kazi ya mtu, unajijengea maktaba ambayo hakuna mwingine anayo. Mi ya kwangu nimeikusanya kwa miaka, kila nikipita mahali nikaona mti umesimama peke yake na mbingu nyuma nashuka.

Hapo ndo pa kuanzia, mbingu nyuma. Piga siku ya mawingu meupe, asubuhi, chuchumaa ili majani yote yaangukie kwenye mbingu na sio kwenye mlima au ukuta wa jirani. Simu ya megapikseli 12 inakupa kama 4000 kwa 3000, inatosha hata kwa mti wa mbele kwenye karatasi ya A3, maana A3 nzima kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 4961 kwa 3508 na mti haujazi karatasi yote. Simama mbali kidogo kuliko unavyotaka, ukisogea sana chini ya mti unapata picha ya mti unaoangalia juu, na kwenye renda utaonekana unaanguka.

Sasa ile fimbo iache, majani sio kazi yake. Fungua chaneli, yaani picha ikiwa imegawanywa kwa rangi zake, utaona tatu, nyekundu, kijani, buluu. Bonyeza moja moja uangalie, kwenye buluu mara nyingi mbingu inakuwa nyeupe na majani yanakuwa meusi kabisa, hiyo ndo tunaitaka. Ikopi, usiiguse yenyewe, hiyo kopi iweke leveli, kile kifaa cha kurekebisha giza na mwanga, bana nyeusi na nyeupe zikaribiane mpaka mbingu iwe nyeupe pee na majani meusi tii, ila acha kijivu kidogo kwenye ncha za majani, ukibana mpaka mwisho ndo unapata ule mti ulionyolewa unaosema. Shina kama lina sehemu zinazong'aa zipake nyeusi kwa brashi. Geuza rangi, yaani nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe, shika kontrol ubonyeze kijipicha cha hiyo chaneli, uchaguzi unatokea, rudi kwenye leya, bonyeza kitufe cha maski. Mti wako umetoka na matundu yote ya katikati ya majani, mbingu inapita ndani yake. Mara ya kwanza nilipoiona hiyo ikitokea kwenye mwembe nilikaa kimya naangalia tu.

Ule ukingo mweupe ni mbingu iliyobaki kwenye pikseli za pembeni. Kubali kwanza maski iungane na picha, kwasababu bila hivo haitafanya, alafu nenda menyu ya leya, chini kabisa kuna matingi, ndani yake difrinji, weka pikseli 1, ikizidi sana 2. Ikibaki, fungua leya mpya ya klipingi juu ya mti, chukua rangi ya jani la ndani, paka pembeni kwa brashi laini. Na usihangaike sana na mti utakaokaa mbele ya mbingu nyepesi, pale ukingo hauonekani, hangaika na ule utakaokaa mbele ya ukuta wa rangi nzito au kioo.

Watu wengine wanatumia mkato, wanachukua mti wenye nyuma nyeupe wanaweka modi ya multiplai, nyeupe inapotea. Inafaa kwa miti ya mbali kabisa juu ya mbingu. Mbele ya nyumba utaona dirisha linapita katikati ya shina.

Mti ukishakaa mbele ya kioo kumbuka kioo kinaona. Ukopi, uupindue, uukate ubaki ndani ya fremu ya dirisha tu, opasiti 15 mpaka 25. Hiyo peke yake inaipandisha picha daraja.

SWALI: Sina hela ya kulipia Photoshop kila mwezi, na ya kuiba siitaki ilishaniletea virusi. Naweza kufanya haya kwa programu ya bure? (Igoma)

JIBU: Unaweza. GIMP ni ya bure na ina leya, maski, chaneli na multiplai, majina tu ndo yamekaa tofauti. Photopea inafunguka ndani ya brauza na inafanana na Photoshop mpaka mpangilio wa menyu, ila inakula bando kuifungua na faili likiwa kubwa kompyuta ndogo inahema. Anza na GIMP, hiyo haitaki mtandao.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi sio mtu wa kompyuta, mwanangu wa kuzaa ndo ananiandikia. Tuna kiwanja kando ya ziwa upande wa Igombe, kijana wa ramani ametuletea picha nzuri sana, nyasi za kijani mpaka kwenye maji, minazi mirefu, miti mikubwa ya kivuli, maji ya buluu. Mzee kaipenda anataka kulipa. Lakini nikiangalia mawe yetu makubwa siyaoni, kayafunika na maua. Na mimi hayo mawe nayapenda. Je hiyo picha ndo itakavyokuwa kweli? (Mama mjenzi, Igombe)

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, na barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Picha ya hivyo mama ina vitu vya aina mbili ndani yake. Nyumba imepimwa, ile ni ramani kweli. Miti na nyasi na maji amebandika baadaye kwa programu ya picha, anaweza kuweka anachotaka kwa dakika mbili. Miti mikubwa ya kivuli unayoiona pale ni ya miaka mingi, siku mnahamia mtakuwa na miche iliyozungushiwa miti na wavu mbuzi wasile. Kwahiyo mwombe picha mbili kutoka sehemu ileile, moja ya mwaka wa kwanza na moja ya miti ikishakua, kwake ni kazi ya nusu siku, na aandike pembeni kila mti unaitwaje. Kama hawezi kuutaja jina basi hajui kama utaota hapo. Minazi mwambie aitoe, hapo Igombe mwembe na mwarobaini vinajiotea.

Kuhusu nyasi mpaka kwenye maji, hapo kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwambie kijana apime mita 60 kwenye ramani na picha ionyeshe hivyo, yaani nyumba nyuma, na mbele yake mafunjo na matete yaliyopo yabaki. Wewe mwenyewe utakuwa unakumbuka 2020 maji yalivyopanda, ukingo wa leo unaweza usiwe ukingo wa kesho. Na yale maji ya buluu kama bwawa la kuogelea ayarekebishe, ziwa letu karibu na ukingo lina rangi ya kijani na kijivu, na mkiwa mnaangalia magharibi jioni linakuwa kama bati lililopigwa jua, na miti iliyo mbele yake inakuwa myeusi na kingo za majani zinawaka njano. Hiyo ndo jioni yenu ya kweli, na ni nzuri kuliko aliyoibandika.

Sasa mawe. Mama, huyo kijana nadhani ameyafunika kwasababu kuyachora ni kazi, jiwe la Mwanza halina umbo la kunyoosha, na programu yake imemletea maua tayari. Lakini yeye anaweza kuyapata bila kuyachora. Aje kiwanjani saa kumi jioni, asimame palepale ambapo kamera yake ya kwenye kompyuta imesimama, simu aishike kwenye kimo kilekile cha mita 1.6, ayapige picha, ayakate, ayaweke kwenye renda kwa jua la saa hiyohiyo. Hata nyufa zake na madoa meusi ya maji ya mvua aache. Alafu kijani akiweke pale ambapo kweli udongo unakaa, kwenye mifuko ya chini ya mawe na kwenye nyufa, kuna mikuyu midogo inajishika kwenye ufa wa jiwe mizizi inateremka kama kamba, mkonge nao unapenda hapo, na bogonvilia ikipandwa nyuma ya jiwe inapanda inaangukia mbele yenyewe. Kwenye picha hivyo anavipaka kwa leya tatu tu na kivuli chembamba chini ya kila jani linapogusa jiwe.

Akikuambia haiwezekani, mwonyeshe ukurasa huu. Na mzee mwambie asilipe hela iliyobaki mpaka mawe yarudi kwenye picha.